Maji Yaliyomo Ndani ya Mlima

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 1908, katika milima ya Alpi nchini Uswisi, kikosi cha wachimbaji, aghalabu Waitaliano waliohamia huko kutafuta riziki, walilipua baruti mbele ya handaki la reli la Lötschberg kama ilivyokuwa desturi yao ya kila zamu. Na pale walipotarajia kukuta jabali gumu pakafumuka matope, mchanga na kokoto zilizolowa maji, zikaijaza njia kwa zaidi ya kilomita moja kwa muda mchache mno, na watu 25 wakafia humo. Takriban mita 180 juu ya vichwa vyao ulikuwa ukipita mto Kander, katika bonde la Gastern. Bonde hilo lilikuwa limechongwa na barafu ya kale kwa kina kirefu, kisha likajazwa changarawe karne baada ya karne hata likaonekana juu kuwa uwanda mtulivu. Na wajuzi walioshauriwa kabla ya kazi walikuwa wamekadiria kwamba changarawe ile haishuki sana, na kwamba baina yake na handaki limebaki jabali la kutosha kuyazuia maji. Makadirio hayo hayakuthibitishwa ipasavyo kwa kuchoronga mashimo kutoka juu. Baada ya msiba, sehemu ile ilizibwa kwa ukuta, njia ikapindishwa kulizunguka bonde, na handaki likafunguliwa mwaka 1913 likiwa na urefu wa kilomita 14.6.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndani yake mna jambo lote ninalotaka kulieleza, nalo ni kwamba anayekusudia kuupenya mlima hupambana na maji kabla ya kupambana na mawe. Jabali gumu, hata liwe gumu namna gani, hukatika. Fundi hulijulia kekee na baruti yake, au huleta ile mitambo mikubwa ya kisasa yenye gurudumu la meno mbele, ikalisaga kidogo kidogo. Lakini mlima si kitu kimoja. Ndani yake miamba imelala tabaka juu ya tabaka, imekunjwa, imepasuka na kuteleza, na mahali ilipopasuka mawe yamesagika yakawa unga au udongo wa mfinyanzi, na katika nyufa hizo ndimo maji ya mvua yanamojificha kwa miaka mingi kabla ya kutokeza bondeni kwa sura ya chemchemi. Handaki likikata ufa wa namna hiyo huwa sawa na mtungi uliotobolewa chini: maji hayana haja tena ya kungoja njia yao ya zamani, hushukia humo, na kima cha maji ya chini ya ardhi huteremka pande zote za mlima, pengine mbali na pale wanapoonekana wachimbaji.

Ndiyo maana jiolojia na mazingira, ambayo maofisini huwekwa katika majalada mawili na kukabidhiwa watu wawili wasioonana, kwa kweli ni jambo moja. Ufa unaomtisha mhandisi kwa kuhofia dari kuporomoka ndio uleule unaomnywesha mkulima aliye juu.

Sijui mfano ulio wazi zaidi ya ule wa handaki la Tanna huko Japani. Serikali ya nchi hiyo ilitaka kuifupisha njia kuu ya reli ya Tokaido, ambayo wakati huo ilizunguka milima kwa mwinuko mkali, ikaamua kupenya moja kwa moja baina ya Atami na Mishima. Kazi ikaanza mwaka 1918 kwa matumaini ya kuimaliza katika miaka 7, ikachukua 16, na watu 67 wakapoteza maisha, kwa handaki lisilotimia hata kilomita 8. Uchunguzi wa miamba uliotangulia ulikuwa mchache, ilhali mlima wenyewe ulikuwa wa asili ya volkano, wenye matabaka laini, nyufa kubwa, na maji mengi kupita kiasi. Maji yalibubujika kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi kuchimba vijia vya pembeni vya kuyatoa, na vijia hivyo vikijumlishwa urefu wake ulilipita handaki lenyewe.

Sasa, juu ya handaki hilo, takriban mita 150, lilikuwako bonde dogo lenye kijiji cha Tanna, na wakazi wake walisifika kwa wingi wa maji: walilima mpunga, na kando ya vijito walipanda wasabi, mmea ule wa viungo usiokubali ila maji safi, baridi, yanayotembea daima. Kadiri wachimbaji walivyosonga mbele chini, ndivyo chemchemi zilivyopungua juu, kisha zikakauka. Mashamba ya mpunga yakapasuka, wasabi ikatoweka, na wakulima wakaandamana kudai haki yao mpaka serikali ikalipa fidia. Inakadiriwa kwamba maji yaliyotoka mlimani kwa kazi ile yalikuwa mita za ujazo milioni 600, mara tatu ya maji yote ya ziwa Ashi lililo jirani. Wakazi wa bonde waligeukia ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na maziwa ya Tanna yana jina zuri Japani hata leo. Wako waandishi waisimuliao habari hii kama kwamba mambo yaliishia heri. Mimi siwezi kuisoma hivyo, maana watu wale hawakuulizwa kama wangependa kuiacha kazi ya babu zao, na maji yaliyoondoka hayakurudi.

Wala mlima wa Tanna haukuwa umemaliza habari zake. Mwezi Novemba 1930, kazi ikiwa bado inaendelea, tetemeko la ardhi liliipiga rasi ya Izu, na ufa mkubwa unaopita chini ya bonde lile ukateleza zaidi ya mita 2, ukakata kijia kilichokuwa kimeufikia. Handaki lililokusudiwa kunyooka likabidi kupindishwa kidogo ili ncha zake mbili zikutane. Kutokana na matukio ya namna hii wapangaji wa njia wamejifunza kuuliza, mintarafu ya kila ufa, si tu kama upo, bali kama ungali hai. Na ukiwa hai, kuukwepa ikiwezekana, au kuuvuka kwa njia fupi kabisa, yaani kwa kuukata kwa pembe mraba badala ya kuandamana nao.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya zamani, ya kabla ya vyombo na sheria. Basi aitazame Uswidi, nchi iliyotangulia wengi katika kulinda mazingira, ambako mwaka 1992 ilianza kazi ya kupitisha reli ndani ya kilima cha Hallandsås kwa njia mbili zenye urefu wa kilomita 8.7. Kibali kilikuwa kimeweka kikomo cha maji yanayoruhusiwa kutoka. Lakini mwamba ulijaa nyufa na sehemu zilizooza kuwa udongo, maji yakapita kikomo, visima vya wakulima vikapungua, na ikalazimika kuziba nyufa kwa haraka. Katika haraka hiyo mwamba ulisindikwa dawa ya kuziba nyufa yenye akrilamaidi, kemikali iliyo sumu kwa mishipa ya fahamu kabla ya kuganda. Mwaka 1997, mahali ambapo maji yalikuwa yanakwenda kasi, dawa ilichukuliwa kabla haijaganda ikatokea kijitoni: samaki wakafa, ng'ombe walioyanywa maji yale wakapooza, wafanyakazi wakapata ganzi, na maziwa na mazao ya eneo lile yakatupwa. Kazi ilisimamishwa miaka kadhaa. Ilipoanzwa tena ilitumia mtambo mkubwa wa kusaga mwamba, na katika sehemu moja iliyooza mno wahandisi waliigandisha ardhi yenyewe kwa baridi ili ipate kukatika. Treni ya kwanza ikapita Desemba 2015, gharama ikiwa imezidi makisio ya awali mara nyingi. Fedha zile, lau sehemu ndogo yake ingetangulizwa katika kuchoronga na kupima, zisingalitumika kuponya jeraha.

Uswisi yenyewe ilijifunza. Ilipopanga handaki la chini la Gotthard, lenye kilomita 57.1 na lililofunguliwa tarehe 1 Juni 2016, wanajiolojia walihofia mahali panapoitwa Piora, ambapo palijulikana kuwa na dolomaiti iliyolegea kama sukari, imelowa maji yenye mgandamizo mkubwa. Safari hii hakuna aliyeridhika kukadiria. Kilichimbwa kijia cha uchunguzi cha kilomita kadhaa, kekee ikasukumwa mbele, na mwaka 1996 ikagusa kweli ile sukari, maji na mchanga vikafoka. Wakachoronga tena chini zaidi, mpaka ikayakinika kwamba katika kina cha handaki lenyewe mwamba ni mkavu na thabiti. Mwaka 2008 mtambo ulipita hapo salama. Walionung'unika kwamba kijia kile kilikuwa upotevu wa fedha hawakuielewa kazi yake: kilinunua yakini, na katika biashara ya kupenya milima hakuna bidhaa ambayo kuikosa ni ghali kuliko hiyo.

Kifusi nacho hutaka mahali. Kutoka Gotthard zilitolewa tani milioni 28 za mawe, na sehemu yake ilisagwa ikawa kokoto za zege la handaki lilelile, nyingine ikatumika kujenga visiwa vidogo katika ziwa Uri, ndege na watu wakavipata. Jambo hilo lilipangwa kabla ya jiwe la kwanza kuvunjwa, kwa maana kifusi kinachokosa mpango huishia katika makorongo, na mvua ya kwanza hukiteremsha mitoni.

Katika nchi zetu kazi hizi si ngeni tena. Reli ya kisasa ya Tanzania imepenya milima ya Kilosa. Ile ya Kenya imepita chini ya vilima vya Ngong kwa handaki la kilomita 4.5, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako ardhi ingali inatanuka; na huko Murang'a lilichimbwa handaki la maji la kilomita 11.8, la kuchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Handaki hili la mwisho lilizusha hofu kubwa kwa wenyeji, ijapokuwa wahandisi walieleza kwamba muundo wake unachukua maji ya mafuriko tu na kuacha mtiririko wa kawaida. Na kwa rai yangu hofu ile haikustahili kudharauliwa, kwani mkulima aliyeambiwa kwamba mto wake hautapungua ana haki ya kuuliza ulikuwa kiasi gani jana.

Sheria za Tanzania na Kenya zote zinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa kuanza, nami nisingetaka sheria mpya. Ningetaka tu kwamba ndani ya tathmini hiyo kila chemchemi na kila kisima kilicho juu ya njia ya handaki kiandikwe kwa jina lake la kienyeji, kipimwe kwa mwaka mzima angalau, masika na kiangazi, kabla mkandarasi hajaleta kekee yake. Na nakala ya vipimo hivyo, katika Kiswahili, ikae katika ofisi ya kijiji, ili kina mama watakaokuta siku moja maji yamepungua wawe na hesabu ya kuipeleka mbele ya wakubwa.