Ndege kongwe ya vita ilivyoua watu nje ya uwanja wa maonyesho

ABIRIA wa matatu anayetoka mtaa wa Manyatta, Kisumu, kuelekea Maseno hupita karibu na uwanja wa ndege bila ya kujihesabu miongoni mwa wasafiri wa angani. Ndivyo walivyokuwa wengi waliokuwa katika barabara ya A27, kusini mwa Uingereza, mchana wa Agosti 22, 2015, wakati uwanja jirani wa Shoreham ulipoandaa maonyesho ya ndege.

Ndege iliyoanguka ilikuwa Hawker Hunter iliyoundwa mwaka 1955, aina ambayo hata Jeshi la Wanahewa la Kenya liliitumia katika miaka ya 1970. Iliipiga barabara hiyo, ikalipuka moto na kuua watu 11, wakiwemo wanasoka wawili waliokuwa njiani kwenda mechini. Rubani alinusurika akiwa na majeraha mabaya.

Ripoti ya wachunguzi wa ajali za ndege iliyotolewa Machi 2017 ilieleza kwamba ndege hiyo ilianza kupaa ili ipinduke angani ikiwa na mwendo mdogo kuliko uliohitajika, na injini haikutoa nguvu zake zote. Ilipofika kileleni ilikuwa futi 2,700 kutoka ardhini, badala ya zisizopungua 3,500. Ndege inayopinduka hivyo huhitaji nafasi ya kutosha chini yake ili ijinyoshe tena, na nafasi hiyo haikuwapo. Wachunguzi walisema kuwa pale kileleni rubani bado angeweza kuikatiza hatua hiyo na kuiokoa ndege.

Mwaka 2019 mahakama ya London ilimwondolea rubani mashtaka ya kuua bila ya kukusudia. Hata hivyo, Desemba 2022 uchunguzi wa vifo uliamua kwamba watu hao 11 waliuawa kinyume cha sheria. Kesi ya jinai hutaka ushahidi usioacha shaka, ilhali uchunguzi wa vifo huridhika na lililo na uwezekano mkubwa zaidi.

Baada ya ajali, Uingereza ilizizuia jeti kongwe kufanya michezo ya kupinduka juu ya nchi kavu. Watazamaji wa Shoreham walikuwa wametengewa umbali wa usalama, lakini wapita njia hawakuwa na kinga hiyo. Nao ndio waliokufa.