Ngome ya Conwy na Soko Lililozungushiwa Ukuta

Ngome ya Conwy, iliyojengwa juu ya mwamba kwenye mlango wa mto wenye jina hilo kaskazini mwa Wales, husifiwa zaidi kwa minara yake minane mikubwa. Lakini haiwezi kueleweka vizuri ikitenganishwa na mji mdogo wa soko uliozungushiwa ukuta ubavuni mwake, kwa sababu ngome na mji vilibuniwa pamoja, vikajengwa pamoja, na vyote viwili vilikusudiwa kuitiisha nchi iliyokuwa imetekwa punde.

Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales aliyempinga Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, aliuawa Desemba 1282, na ilipofika Machi 1283 Edward alikuwa tayari amelitwaa eneo la Conwy. Hapo palikuwa na monasteri, yaani makao ya watawa, ambamo alizikwa Llywelyn Mkuu, babu yake huyo aliyeuawa. Edward aliwahamishia watawa Maenan, ndani zaidi ya bonde, na kanisa lao likawa la walowezi wa Kiingereza. Ni vigumu kuuona uamuzi huo kuwa wa kijeshi tu, kwani kulitwaa eneo la kaburi la ukoo wa kitawala kulikuwa pia njia ya kuwatangazia Wawelisi kwamba enzi ya ukoo huo imekwisha.

Ujenzi ulisimamiwa na James wa St George, fundi mkuu kutoka Savoy, nchi ya milima ya Alps, na kufikia 1287 sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekamilika kwa gharama ya takriban pauni 15,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Ukuta wa mji una urefu wa kilomita 1.3, minara 21 na malango matatu, na katika sehemu yake moja vimejipanga vyoo 12 vilivyochomoza nje, ambavyo viliwekwa kwa ajili ya watumishi wa mfalme waliofanya kazi karibu na hapo.

Walinzi waliopangiwa ngome kubwa kiasi hicho mwaka 1284 walikuwa 30 tu, na 15 kati yao walikuwa wapiga pinde za mtambo, yaani pinde zinazovutwa na kufungwa kwa kifaa kabla ya kufyatuliwa. Idadi hiyo ndogo ndiyo inayoonyesha umuhimu wa mji, kwa kuwa Waingereza waliopewa viwanja ndani ya ukuta walitarajiwa kuulinda pamoja na askari. Katika mwaka huohuo mji ulipata hati ya mfalme, yaani waraka wa kuwapa wakazi haki zao, na msimamizi mkuu wa ngome ndiye aliyekuwa pia meya. Wawelisi walizuiwa kumiliki ardhi humo, na biashara yao ililazimishwa ipitie katika masoko ya miji ya namna hiyo, ambako ilitozwa ushuru. Kwa hiyo mkulima aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka milimani aliuhisi utawala mpya sokoni kabla hajawahi kukabiliana na askari yeyote, na pengine hapo ndipo ulipomuuma zaidi.

Chuki iliyozaliwa na mpango huo haikufa upesi. Aprili 1401, siku ya Ijumaa Kuu, walinzi wengi wakiwa kanisani, ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliiteka ngome kwa hila wakiwa na watu wachache, wakaishikilia kwa miezi kadhaa, na mji wenyewe ukaharibiwa vibaya.

Vizuizi dhidi ya Wawelisi vililegea baadaye, hasa baada ya Henry Tudor, mwenye asili ya Wales, kutwaa kiti cha enzi mwaka 1485. Kati ya 1576 na 1585 Robert Wynn, Mwelisi wa ukoo wenye mali, alijijengea ndani ya ukuta huohuo jumba la Plas Mawr, ambalo bado lipo. Ngome, iliyokwisha kupoteza kazi yake, iliuzwa mwaka 1627 kwa pauni 100 tu. Ila biashara ya mji iliendelea, na hadi leo gulio la asali hufanyika kila Septemba katika mitaa iliyopimwa kwa ajili ya walowezi wa Edward.