Treni za mezani: Kununua kumeisha utamu, sasa ni kujiundia

USIDHANI treni ndogo ni za watoto pekee. Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, waliojaza chumba kizima reli, stesheni, vilima na mabehewa ya kutosha kiganjani. Huo ndio uraibu wao, na wanauchukulia kwa uzito.

Zamani wengi wao walikuwa mafundi hasa. Mtu alikata bati, akachonga mbao na kulaza reli mwenyewe. Viwanda navyo vilikuwepo: Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni zake za reli mwaka wa 1891, naye Frank Hornby wa Uingereza, aliyevumbua Meccano, akaanza kuuza zake 1920.

Kuanzia miaka ya 1990, Hornby ilihamishia kazi ya kuunda treni hizo China. Zikawa safi ajabu: rangi tayari, taa zinawaka, hadi misumari midogo ya bodi inaonekana. Kazi yako ni kufungua boksi tu. Lakini ukishafungua, kimebaki nini cha kufanya?

Halafu kuna bei. Kichwa kimoja kipya cha treni Uingereza kinaweza kupita pauni 200, yaani zaidi ya Sh30,000. Kikiharibika na hujui kilivyoundwa, kinakuwa pambo la kabati.

Ndiyo maana wengi wanarudi kwenye gundi na kisu. Tofauti ni kwamba sasa wana vifaa ambavyo babu zao hawakuwa navyo. Behewa linachorwa kwenye kompyuta na kutolewa kwa printa ya 3D. Nyumba zinakatwa kwa leza. Hata mtambo wa kuendesha treni unaweza kujiundia ukitumia kibodi cha Arduino na programu ya bure ya DCC-EX.

Mwanamuziki Rod Stewart aliwashangaza mashabiki 2019 alipoonyesha mji wa reli aliojenga kwa zaidi ya miaka 20. Majengo mengi aliyaunda kwa mikono yake, mengine akiwa hotelini wakati wa ziara za muziki.

Faida kubwa ya kujiundia ni hii: kiwanda huunda kile ambacho wanunuzi wengi wanataka. Kama treni ya kwenu haimo kwenye orodha yake, utangoja sana. Fundi hangoji.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Kipimo maarufu zaidi ni HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata 16.5, upana uleule wa reli za HO. Reli yetu ya zamani, ya mita moja, inakuwa milimita 11.5 hivi.

Kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, kuna injini kubwa ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai. Usitarajie kuikuta kwenye rafu ya supamaketi. Beba tepu ya kupimia, daftari na simu ya kupiga picha, kisha anza na kadibodi ya boksi la viatu.

Kama utotoni ulisuka gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, nusu ya ufundi tayari unayo.