Maganda Mawili, Kalibu Moja

Risasi za revolva ziitwazo .38 Special na .357 Magnum zina vichwa vya upana uleule, karibu milimita 9.1. Vitako vya maganda yake ni vya ukubwa mmoja, na fataki zake ni za kipimo kimoja. Kinachozitofautisha kwa macho ni urefu: ganda la .38 Special lina milimita 29.3, la .357 Magnum milimita 32.8. Ndiyo maana Wamarekani wengi wanaojaza upya maganda yaliyotumika nyumbani, kazi ambayo kwao ni halali na ya kawaida, hununua seti moja ya kalibu tatu, yaani vifaa vya kulibana na kulitengeneza ganda, na kuzihudumia zote mbili.

Undugu huu una historia. .38 Special ilitolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi, ambayo hula nafasi kubwa. Baruti isiyo na moshi ilipokuja, kiasi kidogo tu kilitosha, na sehemu kubwa ya ganda ikabaki tupu. Nafasi hiyo iliwashawishi watu kuongeza nguvu. Mwaka 1930 kampuni hiyo ilileta revolva nzito ya kustahimili risasi kali za .38, kwani polisi walitaka kupenya bodi za magari ya majambazi. Lakini risasi hizo kali ziliingia vilevile katika revolva dhaifu za zamani. Kwa hiyo .357 Magnum ilipotoka mwaka 1935, ganda lilirefushwa makusudi kwa karibu milimita 3.5 ili lisiweze kuingia humo. Revolva ya .357 hupokea risasi za .38, ya .38 haipokei za .357. Kanuni za viwanda vya Marekani zinaruhusu shinikizo la pauni 17,000 kwa inchi ya mraba katika .38 Special ya kawaida, na 35,000 katika .357 Magnum. Uhusiano wa namna hiyo upo pia kati ya .44 Special na .44 Magnum, iliyotoka mwaka 1955.

Ganda la shaba likifyatuliwa hutanuka na kubaki nene kidogo kuliko lilivyokuwa. Kalibu ya kwanza hulibana lirudie kipenyo chake na kuisukuma nje fataki iliyokwisha kuungua. Kalibu ya pili hutanua mdomo kidogo ili kichwa kiingie bila kukwanguliwa. Ya tatu hushindilia kichwa mahali pake na kuukunja mdomo wa ganda ukishike. Katikati ya hatua hizo huwekwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani.

Kalibu ya kwanza haijali urefu. Ganda fupi na refu hupita humo bila kubadilisha chochote. Taabu huanza kwenye mbili zinazofuata, hasa ya tatu. Katika revolva, mkunjo wa mdomo si pambo. Risasi moja ikilia, bastola huruka nyuma pamoja na maganda yaliyobaki kwenye silinda, huku vichwa vizito vikitaka kubaki palepale. Kichwa kilichoshikwa vibaya hujitokeza mbele na kuizuia silinda kuzunguka. Kalibu iliyopangwa kwa .357 haiufikii mdomo wa ganda la .38, na iliyopangwa kwa .38 hulikunja na kuliponda ganda la .357. Mjazaji hana budi kuipandisha au kuishusha kila anapobadili risasi. Baadhi ya watengenezaji wamerahisisha kazi hiyo kwa pete ya chuma yenye unene sawa na tofauti ya maganda: huwekwa chini ya kalibu kwa ganda refu na kutolewa kwa fupi. Hata maganda ya aina moja hayalingani sawasawa, na anayetaka mkunjo ulio sawa huyakata yote yawe na urefu mmoja.

Kipimo cha baruti hakishirikiwi kamwe. Baruti ya .357 ikiwekwa katika ganda la .38 hubanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, na risasi hiyo itaingia bila kizuizi katika revolva kuukuu isiyoweza kuihimili. Hapo ulinzi wote wa zile milimita 3.5 umeondolewa na mkono wa mjazaji. Hatari nyingine ni kumwaga baruti mara mbili katika ganda moja, jambo ambalo ganda lenye nafasi tupu halilifichui kwa kufurika. Mjazaji makini humulika taa ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa, husoma mhuri wa kitako kabla ya kuanza, na haweki mezani aina mbili za baruti kwa wakati mmoja.

Risasi fupi pia huacha masizi mbele ya mdomo wake ndani ya chemba ndefu ya revolva ya .357. Yakilimbikizana, maganda ya .357 hukwama, hivyo chemba husuguliwa kwa brashi kabla ya kurudia risasi ndefu.

Tofauti na Marekani, nchini Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.