KUJIFUNZA MFUMO MPYA WA KOMPYUTA: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaotumia kompyuta wanajuulishwa kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, wala nyaraka zilizomo hazikufutika. Kilichokoma ni masahihisho ya kawaida ya usalama. Mpango wa ziada uliwekwa kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, na kwa taasisi zinazolipia hadi Oktoba 2028. Lakini huo ni muda wa kujitayarisha tu. Kila kasoro inayogunduliwa katika mfumo usiosahihishwa hubaki kuwa mlango wazi kwa wezi wa taarifa, na taarifa za afisi ni mishahara, ardhi, vizazi na vifo vya watu.

Mfumo endeshi ni kitu gani?

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kazi zote za kompyuta tangu inapowashwa. Kazi yake inafanana na ya karani wa masjala: yeye ndiye ajuaye kila jalada limo kabati gani, nani anaruhusiwa kulifungua na shauri lipi litangulie. Programu za kuandikia barua au kupigia hesabu haziigusi diski wala printa zenyewe. Hupeleka maombi kwa mfumo endeshi. Kwa hivyo, mfumo unapobadilishwa kwa utaratibu mzuri, majalada hubaki yale yale, ila mpangilio wa masjala huwa mwengine, na aliyezoea ule wa zamani hupotea njia kwa siku kadhaa. Hilo ni jambo la kawaida, wala si dalili ya ujinga au uzee.

Amri peke yake haitoshi

Mabadiliko yanayotolewa kwa amri tu mara nyingi hayadumu. Mfano mzuri, ingawa ni wa kilimo, unapatikana katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudio lilikuwa jema, lakini kazi ilikuwa nzito, wakulima hawakushauriwa, na katika mashamba mengi udongo wenye rutuba ulifukiwa na mazao yakapungua. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo na mpango ukaachwa. Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango mwengine katika eneo la Kibungo, milimani humo humo. Wakulima walifundishwa, wakaelezwa sababu, na wakalipwa kwa kutunza vyanzo vya Mto Ruvu unaoipatia Dar es Salaam maji. Safari hii matuta yalichimbwa kwa hiari.

Ndivyo ilivyo afisini. Mtumishi anayeikuta kompyuta yake imegeuzwa bila ya maelezo hurejea kwenye daftari, au huhifadhi barua mahali asipopajua, na jalada la mwananchi likapotea.

Kuchagua mfumo

Ili kujua mfumo uliomo katika mashine yenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti yake.

Mashine za namna hiyo zisiharakiwe kutupwa. Zipo aina za mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ambazo hupatikana bila ya malipo na huweza kufanya kazi katika mashine za zamani. Pamoja nazo hupatikana LibreOffice, inayofungua barua zilizoandikwa kwa Word, ingawa majedwali huweza kusogea kidogo. Wanaohofia lugha wakumbuke kwamba tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, programu nyingi za mishahara na hesabu zilizotengenezwa kwa Windows hazifanyi kazi moja kwa moja katika Linux. Mafundi waulizwe kwanza.

Hatua za kufuata

(a) Kabla ya kubadilisha lolote, toa nakala mbili za nyaraka zote na uweke moja nje ya chumba cha kazi. Zifungue baadhi uhakikishe zinasomeka.

(b) Anayetaka kuijaribu Linux amuombe fundi amtayarishie flashi ya majaribio. Mfumo huweza kuendeshwa kutoka humo bila ya kugusa diski.

(c) Siku ya kwanza jifunze mambo matano tu: kuwasha na kuzima, kufungua programu, kuhifadhi, kutafuta faili na kuchapisha.

(d) Katika Windows 11 kitufe cha kuanzia kimewekwa katikati, chini ya kioo. Aliyezoea kushoto anaweza kukirejesha kupitia mipangilio.

(e) Jua faili lako linahifadhiwa wapi. Windows 11 huweza kuliweka katika OneDrive, yaani katika kompyuta za Microsoft kupitia intaneti. Nyaraka za siri za Serikali zisipelekwe huko bila ya idhini.

(f) Unaponyanyuka kitini, funga kioo kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L.

Wakuu wa afisi wanaombwa wasipange mabadiliko haya wakati wa kufunga hesabu, na wawape watumishi muda wa mazoezi ndani ya saa za kazi. Wanaoelewa haraka wawasaidie wenzao bila ya kuwacheka. Mwananchi anayesubiri cheti dirishani hajali jina la mfumo. Anachotaka ni jalada lake lipatikane.