Tangazo la Sinema na Jina la Sumbawanga: Maelezo ya Zoezi la Kubuni na Kupima

Tangazo la sinema huonekana kuwa kazi ndogo. Ni karatasi moja yenye picha na maneno machache, nayo hubandikwa ukutani siku chache kisha hubanduliwa au huoshwa na mvua. Hata hivyo karatasi hiyo hubeba ahadi. Humwambia mpita njia: ukiingia ndani utaona jambo hili. Atakayeingia akakuta jambo jingine amedanganywa, na asiyeingia kabisa huenda na picha ile kichwani mwake, akaitumia kuhukumu watu na nchi asizozijua. Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi wanafunzi wawezavyo kupewa zoezi la kubuni tangazo la namna hiyo, na jinsi kazi yao iwezavyo kupimwa kwa haki. Mfano wangu nimeuchukua Ufipa, kwa kuwa huko suala la ukweli wa picha lajitokeza waziwazi.

Yafaa kwanza tuafikiane juu ya maneno. Tangazo ni habari yoyote itolewayo kwa watu, iwe kwa mdomo, kwa maandishi au kwa picha. Bango ni kile kitu chenyewe kinachobandikwa au kusimamishwa watu wakione. Basi bango la sinema ni aina moja tu ya tangazo, na mwanafunzi hana budi kutimiza mambo mawili: habari iwe sahihi, na kitu kionekane. Wengi hushughulika na la pili wakasahau la kwanza.

Kazi hii si ngeni duniani. Ndugu Lumière walipoanza kuwaonyesha watu picha zao mjini Paris, Desemba 1895, mabango yalifuatana na maonyesho yao tangu mapema. Katika bango moja mashuhuri, Marcellin Auzolle alichora watazamaji wakicheka mbele ya pazia, na juu ya pazia kichekesho chenyewe cha mtu kumwagiwa maji. Aliahidi kicheko, na kicheko kilikuwemo. Nchini Ghana, tangu miaka ya 1980, wachoraji walipaka rangi matangazo ya sinema juu ya magunia ya unga, na aghalabu walitia humo mazimwi na damu ambavyo filamu yenyewe haikuwa navyo. Kwetu Tanzania, filamu zilipouzwa kwa wingi katika kanda na diski miaka ya 2000, jalada ndilo lililokuwa tangazo, na nyuso za wachezaji zilijaza karatasi nzima hata hadithi ikakosa mahali.

Sasa tuje Ufipa. Tuseme wanafunzi wa Sumbawanga wamepewa kazi ya kubuni tangazo la filamu fupi ya kuwaziwa tu, ihusuyo wahunzi wa zamani wa nchi yao. Mambo ya kuchora ni mengi. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu; ilungu moja hufikia kimo cha mita tatu hivi, karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Ndani yake yalipangwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila kuvukutwa. Baadaye chuma kile kilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipoenea, lakini baadhi ya malungu bado yasimama katika uwanda wa Ufipa. R. Wise aliyaandikia habari zake mwaka 1958, na J. A. R. Wembah-Rashid mwaka 1969.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo gumu. Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, maana yake ni "tupa uchawi". Yaani ni amri: uingiapo hapa, acha nje mambo hayo. Watu wa mbali wameligeuza jina hilo juu chini. Mtu wa Dar es Salaam asikiapo Sumbawanga hutania habari za uchawi, na kijana wa Ufipa aendaye kusoma mbali hukutana na utani huo kabla hajafungua sanduku lake. Mzaha huo si mwepesi, kwa maana katika nchi yetu wako wazee waliopigwa na kuuawa kwa kudhaniwa wachawi. Basi mchoraji wa tangazo achezeapo jambo hili hachezei rangi tu.

Hatua za kubuni ni hizi. Kwanza, mwanafunzi aandike kwa sentensi moja filamu yasema nini. Asiyeweza kuiandika hajawa tayari kuchora. Pili, achore vielelezo vitatu vidogo kwa penseli, kila kimoja chenye wazo lake. Tatu, achague kimoja na kutoa sababu kwa maandishi. Nne, apange maneno: jina la filamu kwanza na kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha mahali, siku na saa, na mwisho majina ya watengenezaji. Tano, ahamishe kazi kwenye karatasi ya sentimita 42 kwa 59.4, na atumie rangi chache, mbili au tatu, ili jicho lisitangetange.

Tuangalie vielelezo viwili viwezavyo kuletwa. Cha kwanza chaonyesha fuvu, ungo wa kurukia na macho mekundu gizani, na chini yake maneno "Nchi ya Wachawi". Kitavuta macho, hapana shaka. Lakini chasema uongo juu ya filamu na juu ya watu. Cha pili chaonyesha ilungu refu wakati wa magharibi, na watu wawili wamesimama chini yake, na jina "Chuma cha Ufipa". Mwalimu angependa kukipa alama zote papo hapo. Asifanye haraka. Mzee aijuaye kazi hiyo angeuliza: je, dawa ziko wapi? Kwani uyeyushaji wa zamani haukuwa ufundi wa moto peke yake. Ulikuwa na miiko, na fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa. Kwa hiyo kielelezo cha pili nacho kimepunguza ukweli, kwa kuona haya.

Hapa ndipo mwanafunzi ajifunzapo tofauti ya uganga na uchawi, ambayo lugha yetu imeiweka wazi tangu zamani. Filamu ya Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ilimwonyesha mganga kwa heshima, wala haikupungukiwa na mvuto. Vivyo hivyo mchoraji aweza kukiweka kikapu miguuni pa fundi, mahali pake pa kazi, bila fuvu wala macho mekundu. Picha itakuwa kamili na hakuna atakayetukanwa.

Katika kupima, napendekeza majaribio matatu. La kwanza ni la muda: tangazo lionyeshwe kwa pumzi chache kisha lifunikwe, na mtazamaji asiyeijua filamu aseme ameona nini na onyesho ni lini. La pili ni la umbali: jina lisomeke kwa hatua kumi. La tatu ni la mjuzi: mtu aijuaye habari atafute kosa. Mathalan, aliyechora mvukuto kando ya ilungu amechanganya matanuri mawili, na mjuzi atamkamata mara moja.

Alama mia zaweza kugawanywa hivi: ukweli 30, kuonekana 25, lugha 20, mpangilio 15, na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe 10. Naongeza sharti moja: asiyefikia nusu ya alama za ukweli asihesabiwe kuwa amefaulu, hata akipata zote zilizobaki. Bila sharti hilo, yule wa fuvu na ungo aweza kupata sabini na kurudi nyumbani akishangiliwa.

Huenda msomaji akasema kwamba nimelitwisha karatasi ya ukutani mzigo mzito. Lakini jina la Sumbawanga halikugeuzwa maana na vitabu. Liligeuzwa na maneno mafupi na picha nyepesi, zilizorudiwa mara nyingi. Kijana aliyefundishwa kuuliza "je, hii ni kweli?" kabla ya kuchovya brashi atakuwa amepata elimu itakayomfaa hata asipochora tangazo jingine maishani mwake.