Artemisia: wagonjwa wako hapa, bei inapangwa kwingine

Wakulima wa artemisia katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, Kenya na kusini-magharibi mwa Uganda wamezoea bei isiyotabirika. Mwaka 2005, nchi nyingi za Afrika zilipokuwa zikihamia dawa mseto za malaria, kilo moja ya artemisinini, kiini cha dawa hizo kinachotolewa kwenye majani ya artemisia, ilipita dola 1,000 za Marekani katika soko la dunia. Kuanzia China hadi huku kwetu watu wakapanda kwa wingi, na kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa chini ya dola 200. Ilipanda tena mwaka 2011, kisha ikaporomoka.

Mfanyabiashara mmoja anayekusanya majani makavu vijijini anasema bei si kero yake kubwa. Kero ni kipimo. Yeye humlipa mkulima kwa kilo, tena mara nyingi kwa fedha ya awali, lakini mnunuzi mkubwa humlipa yeye kwa kiwango cha artemisinini kilichomo. Jani zuri hutoa asilimia moja hivi. Likivunwa baada ya maua kutoka, au likikaa ghalani muda mrefu, kiwango hushuka. Upimaji hufanyika maabara ambayo yeye haijui, na anacholetewa ni jibu tu: mzigo uko chini, pokea nusu ya bei au rudi nao. Kuurudisha ni hasara juu ya hasara, maana majani ni mepesi na hujaza lori kabla uzito haujafika popote. Mahindi yakikosa soko huliwa nyumbani. Artemisia haina mteja wa pili wa maana. Anachoomba ni maabara isiyo ya mnunuzi, karibu na mashamba. Ombi hilo ni la haki, na inashangaza kwamba bado ni ombi.

Ofisa mmoja wa kilimo anashikilia kuwa soko ni la uhakika, kwa sababu Afrika hubeba karibu asilimia 95 ya vifo vyote vya malaria duniani. Takwimu hiyo ni sahihi, ila hitimisho lina walakini. Dawa nyingi tunazomeza hutengenezwa India na China, na oda kubwa hutegemea fedha za wafadhili. Mwaka 2013, artemisinini ilianza kutengenezwa pia kiwandani kwa msaada wa hamira, bila shamba. Hayo ofisa hakuyagusia.

Limebaki soko la majani ya artemisia yanayochemshwa kama chai, na hapo ndipo tiba ya jadi na sayansi zinapogongana. Maandishi ya Kichina ya karne ya 4 yaliagiza konzi ya mmea ilowekwe majini, ikamuliwe na kunywewa, hayakutaja kuchemsha. Dokezo hilo ndilo lililowaongoza watafiti wa China mwaka 1971 kuitoa dawa kwa joto dogo, kazi iliyopata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi tunaichemsha, na artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Pakanga ya asili ya milimani kwetu, inayotumika kwa kikohozi, homa na minyoo, ni mmea mwingine wa jamii hiyohiyo, na artemisinini yake ni kidogo mno au haipo.

Wauzaji wa chai hiyo wanadai wateja wao wanapona. Hata hivyo, kikombe hakina kipimo, na dozi hafifu huwapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umeshathibitishwa Rwanda na Uganda, na mabadiliko ya vinasaba yanayohusishwa nao yameonekana mkoani Kagera, Tanzania. Ukienea, atakayeumia kwanza ni mtoto wa kijijini mwenye homa kali.

Msimu ujao huenda ukawa mzuri kwa wenye mikataba ya maandishi na mbegu bora. Kwa wanaopanda kwa kusikia kwamba soko lipo, hakuna takwimu ya ofisa yeyote inayoonyesha nani atanunua, wala kwa kipimo cha nani.